Eneokazi Pepe na Handaki Lake

Eneokazi ni istilahi iliyofumwa vizuri. Waliounda neno hili hawakutazama meza iliyomo katika neno la Kiingereza desktop. Walitazama kinachofanyika mahali hapo. Ni eneo la kazi, pale kwenye skrini yanapokaa mafaili, madirisha na programu. Ugumu huanza tukiongeza pepe.

Katika barua pepe, neno hilo tumelizoea kwa maana ya kielektroniki. Hapa linabeba mzigo mwingine: kitu kinachotenda kama halisi ilhali hakina umbo la kushikika. Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyojengwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, yenye diski, kumbukumbu na mfumo endeshi wake. Wazo si geni. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Sura ya mashine hiyo unayoiona skrinini ndiyo eneokazi pepe.

Sura hiyo yaweza kutazamwa hata kutoka mbali. Chukua mtu ambaye mashine pepe yake inaendeshwa kwenye kompyuta aliyoiacha Mbeya, naye yuko Dodoma kikazi. Akifungua laptopu anakuta eneokazi lake kama alivyoliacha. Kinachosafiri ni picha ya skrini inayomfikia, na mibofyo ya kipanya na vitufe anayoirudisha. Mafaili yenyewe hayajatoka Mbeya.

Hapo ndipo pepe inapoweza kutupumbaza. Picha ni pepe, lakini mlango ni mlango kweli. RDP, itifaki ya Microsoft ya kufikia eneokazi kutoka mbali, kwa kawaida husubiri kwenye mlango wa mtandao namba 3389. Ukiuacha wazi kwenye ruta, programu za wadukuzi zinazobisha usiku na mchana zitaufikia na kuanza kubahatisha nywila. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha BlueKeep, dosari iliyoweza kumwingiza mvamizi kwenye matoleo ya zamani ya Windows bila nywila yoyote.

Kinga ya mlango huo naiita handaki. Treni ya SGR ikiingia kwenye mahandaki ya Kilosa, aliye juu ya mlima haioni. Mtandaoni, mlima huo ni usimbaji fiche: data hupita katika intaneti ile ile ya wote, ila asiye na ufunguo hawezi kuisoma. Tatu Ylönen aliandika SSH, handaki la aina hiyo, huko Ufini mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. WireGuard, handaki la siku hizi, iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2020; anayeibishia hodi bila ufunguo sahihi hajibiwi kitu. Ruta hufungua mlango wa handaki tu, na ule wa 3389 hubaki ndani ya nyumba.

Kwa hiyo walimu na waandishi wa kamusi wasiyatenganishe maneno haya. Somo linalomfundisha mwanafunzi eneokazi pepe limfundishe na handaki, siku hiyo hiyo.