Rada ya Mambrui na makopo ya kahawa

Ukitaja rada mbele ya watu wengi, kinachowajia akilini ni jeshi, uwanja wa ndege, na chombo kikubwa kinachozunguka nyuma ya uzio wenye askari. Ni mali ya serikali, tena serikali tajiri, na raia wa kawaida hahusiki nayo. Wiki hii napenda tuipime imani hiyo kwa mizani ya historia, maana historia inasema mengine, na sehemu moja ya habari yenyewe ilitokea hapa hapa pwani yetu, Mambrui, kaskazini ya Malindi.

Kwanza tuelewane rada ni nini. Mtu akipiga ukelele mbele ya jabali, husikia mwangwi, na kadiri jabali lilivyo mbali ndivyo mwangwi unavyochelewa. Rada ni ukelele huo huo, ila badala ya sauti hutumia mawimbi ya redio. Tofauti ni mwendo. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kwa hiyo kuifikia ndege iliyo umbali wa kilomita 75 na kurudi huchukua nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kazi ngumu ni kuupima muda huo mdogo.

Sisi watu wa redio tuna haki ya kujivuna kidogo hapa. Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walipotaka kuwathibitishia wakubwa wa Uingereza kwamba ndege inaweza kuonekana kwa redio, hawakujenga mtambo wa kurushia mawimbi. Walikwenda karibu na Daventry, wakatumia mawimbi ya kituo cha masafa mafupi cha BBC kilichokuwa hewani, na wakaona jinsi ndege ilivyoyarudisha. Tangu siku hiyo jambo likawa siri kubwa ya dola.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilihitaji kila mtambo iliokuwa nao. Makoloni na madola yake ya mbali yangesubiri. Huko Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kulikuwa na mwanasayansi aitwaye Basil Schonland, bingwa wa elimu ya radi. Yeye na wenzake walikuwa wamezoea kupima mambo yanayotokea na kwisha kabla mtu hajapepesa jicho. Schonland alipata kusoma nyaraka chache alizokuwa nazo Ernest Marsden, mwanasayansi wa New Zealand aliyekuwa akirejea kwao kwa meli kutoka Uingereza. Nyaraka zilieleza kanuni, lakini hazikuwa na mchoro kamili wa mtambo ambao fundi angeunakili.

Hawakusubiri. Walikusanya valvu na vipuri vilivyopatikana nchini mwao, vya aina ile ile waliyoitumia wapenzi wa redio za ridhaa. Kioo cha kutazamia mwangwi kilitoka kwenye osiloskopu ya kawaida ya kununuliwa. Mapigo ya mtambo waliyafungamanisha na umeme wa mjini, mara 50 kwa sekunde. Walianza kazi Novemba, na Desemba 1939, kabla mwaka haujaisha, wakapata mwangwi wa tangi la maji lililokuwa kilomita kadhaa kutoka chuoni. Mtambo ulioboreshwa wakauita JB, kwa heshima ya mji wao, wakaujaribu karibu na Durban, ukaona meli na ndege.

Mwaka 1940 rada hiyo ya kujitengenezea ikaletwa Kenya na kusimamishwa Mambrui. Waitalia walikuwa wameshika Somalia, na ndege zao ziliweza kuifikia pwani. Malindi yenyewe ilipigwa mabomu mwaka huo huo. Basi kijiji cha wavuvi kikawa na rada kabla ya miji mingi mikubwa ya dunia, na iliyokuwapo haikutoka kiwandani Ulaya. Iliundwa na walimu na mafundi wa chuo kimoja cha Afrika.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Chuo kile wakati huo mlango wake ulikuwa mwembamba mno kwa Mwafrika mweusi, na vita vyenyewe vilikuwa vya wakubwa. Lakini jambo moja halipingiki. Kilichowawezesha wale watu si fedha za kutisha. Walikuwa na elimu ya msingi, vipuri vya dukani, na mikono iliyozoea kufungua na kufunga mitambo.

Rada ya Mambrui haikuchora picha. Ilionyesha kijinundu cha mwanga juu ya kioo, na mtazamaji akajua kuna kitu, kiko umbali gani na upande upi. Kuchora picha kunadai antena kubwa sana, maana antena ndogo hutawanya mawimbi kama taa isiyo na kioo cha kukusanya mwanga. Mwaka 1951 mhandisi wa Kimarekani, Carl Wiley wa kampuni ya Goodyear, alipata wazo la kukwepa tatizo hilo. Alisema hivi: antena ndogo ikisafirishwa kwa ndege, ikapokea mwangwi hapa, kisha pale, kisha mbele zaidi, miangwi hiyo yote inaweza kuunganishwa kana kwamba imepokewa na antena moja yenye urefu wa safari nzima. Ni kama mtu aliye gizani anayepapasa kitu kwa kidole kimoja. Akikipitisha kidole pote, atajua ni mtungi au ni kinu.

Wazo hilo nalo likafungiwa jeshini kwa miaka. Lilipoanza kutumika kwa elimu ya raia, faida yake ilionekana Afrika mapema. Novemba 1981 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipita juu ya Sahara kikiwa na rada ya picha. Katika mchanga mkavu wa Misri na Sudan, rada iliona mikondo ya mito ya kale iliyofukiwa chini, ambayo mtu aliyesimama juu yake hakuweza kuiona. Mwaka 1994 rada nyingine ya angani ilipiga picha milima ya Virunga, makao ya sokwe wa milimani, mahali ambapo kamera ya kawaida huzuiwa na mawingu mara kwa mara. Rada haijali wingu wala usiku.

Sasa tuje kwenye makopo. Mwaka 2011, chuo cha MIT huko Marekani kilifundisha kozi fupi ya kujenga rada ya picha. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa Gregory Charvat, mhandisi ambaye kujenga rada kwake kulikuwa kazi na pia mapenzi ya nyumbani. Antena zake ni makopo mawili ya kahawa, moja la kutuma na jingine la kupokea, yamefungwa juu ya ubao. Nguvu inatoka kwenye betri ndogo kama zile za rimoti. Gharama ya vifaa haikufika dola 400, bila kuhesabu kompyuta. Na kozi nzima ikatolewa kwa umma bure.

Uzuri wake ni jinsi unavyokwepa kupima muda. Mtambo hautumi mapigo. Unatuma wimbi linalopanda taratibu, kama mwimbaji anayepandisha sauti. Mwangwi unaporudi, wimbi linalotumwa limeshapanda kidogo, na tofauti ya hayo mawili ndiyo kipimo cha umbali. Wimbi likipanda megahezi 80 kwa sehemu 20 za elfu za sekunde, kitu kilicho mita 100 mbele kitatoa tofauti ya mitetemo 2,700 hivi kwa sekunde. Hiyo ni sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia, nyembamba kama filimbi! Kitu kikisogea karibu, sauti inakuwa nzito. Ndiyo maana mwangwi huingizwa kwenye kompyuta kupitia tundu la maikrofoni, kisha programu hufanya hesabu.

Ili kupata picha, ubao husogezwa kwa mstari mnyoofu, sentimeta tano tano, mpaka umalize kama mita mbili na nusu. Kila hatua hurekodiwa. Ni wazo lile lile la Wiley, ila ndege imekuwa ubao. Kwa umbali wa mita 50, makopo hayo yataweza kutenganisha vitu vilivyoachana kiasi cha mita moja au mbili. Si picha ya harusi, lakini gari, ukuta na mlingoti vinajitokeza.

Katika kila mji wetu kuna fundi anayefufua redio na simu zilizotupwa, tena kwa vifaa duni kuliko vile vya Johannesburg mwaka 1939. Tunamwita fundi wa mtaani, na mara nyingi tunalitamka jina hilo kwa dharau. Je, fundi huyo amewahi kupewa kitabu cha hesabu ya kazi yake? Amewahi kuelezwa kwamba kuna leseni ya redio ya ridhaa, na kwamba mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake ndiyo ya kuulizwa kabla ya kurusha wimbi lolote hewani? Shule zetu zina vyama vya mpira na kwaya. Chama cha redio ni nadra.

Mafuriko yanapokuja, picha za rada zinazopenya mawingu ndizo zinazoonyesha maji yamefika wapi. Picha hizo hupigwa na setilaiti za wengine, na si vibaya kuzitumia. Lakini anayetumia jicho la mwenzake bila kujua linavyofanya kazi hawezi kuuliza limeona nini na limeacha nini. Wale wa Mambrui walijua, kwa sababu walilijenga wenyewe.