Fundi Saa wa Alençon

Leo tumkumbuke Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1823, akawa fundi saa mjini Alençon. Dominika duka lake lilifungwa, hata kama ni kupoteza wateja. Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin, mfumaji wa lesi. Mwaka 1870 aliliuza duka ili asaidie kazi ya mkewe. Walijaliwa watoto tisa, wakazika wanne. Zélie alipofariki mwaka 1877, Louis alihamia Lisieux na binti zake watano, ambao hatimaye wote wakawa watawa.

Kisha akili yake ikaugua. Mwaka 1889 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa miaka mitatu. Alifariki mwaka 1894, akiuguzwa na binti yake Céline. Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe.

Nasi tunaowaficha wazee wetu waliopotewa na fahamu, wageni wasiwaone, tujiulize: je, tunamficha nani?