Senti 50 kwa Kichwa cha Mwewe

Wiki hii nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Analalamika kwamba mwewe wamemmalizia vifaranga uani. Tetea wake alitotoa kumi na mmoja, na hadi anaandika barua walikuwa wamebaki wanne. Mwisho anauliza: kwa nini Serikali isitoe zawadi kwa kila atakayeleta kichwa cha mwewe, ili mwizi huyu akomeshwe mara moja?

Swali hili si la kuchekwa. Kuku wa kienyeji ndiye benki ya nyumba nyingi za mjini. Akiuzwa, mtoto anapata daftari na viatu. Lakini si swali jipya. Wapo waliokwisha kulijibu kwa sheria na kwa fedha za umma, na hesabu ya walichokipata ipo.

Waingereza walianza zamani. Sheria ya mwaka 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliweka peni moja kwa kila kichwa cha mwewe. Zawadi hiyo, na baadaye bunduki na sumu za walinzi wa mashamba ya kuwindia, zilimfuta mwewe mwekundu katika England nzima kabla karne ya 19 haijaisha. Wakabaki wachache tu katika mabonde ya Wales. Kuanzia mwaka 1989 Waingereza haohao wakawa wanaagiza makinda kutoka nchi za nje ili wamrudishe.

Kisa kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Tarehe 23 Juni, 1885, jimbo hilo lilipitisha sheria ambayo watu waliibatiza Sheria ya Ngozi za Vichwa. Kila aliyeua mwewe, bundi, kicheche au minki, ambaye ni ndugu yake kicheche apendaye maji, alilipwa senti 50. Ofisa aliyeandika hati ya kiapo naye alipata senti 20 zake, na hapo ndipo unapoona jinsi sheria inavyojipatia marafiki ofisini. Yote hayo yalidaiwa kuwa ni kwa manufaa ya mkulima.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, Dakta C. Hart Merriam wa Idara ya Kilimo ya Marekani alichukua kalamu akapiga hesabu. Malipo yalikuwa yamefika kiasi cha dola 90,000. Akasema, haya, tuseme ndege hawa huua kuku 5,000 kwa mwaka katika jimbo zima, kila kuku senti 25, ingawa wengi wao ni vifaranga tu. Kwa mwaka mmoja na nusu hiyo ni dola 1,875. Yaani jimbo lilitumia dola 90,000 kuokoa kuku wa dola 1,875!

Wala hasara haikuishia hapo. Merriam alikadiria kwamba kila mmoja wa viumbe hao hula panya wasiopungua elfu moja kwa mwaka, au wadudu wa kiasi hicho, na kwamba kila panya humtia mkulima hasara ya senti mbili. Kwa viumbe 128,571 waliolipiwa, hasara ilizidi dola milioni 3.8. Hivyo kwa kila dola moja iliyookolewa, jimbo lilitupa dola 2,105. Hayo ya panya ni makisio, na mimi binafsi nadhani Dakta aliyavuta kidogo. Lakini igawe hesabu yake kwa kumi, bado ni dola 210 kutupwa ili kuokoa moja. Sheria ilifutwa mwaka 1887.

Mwaka 1893 mwenzake Merriam, A. K. Fisher, alitoa taarifa ya matumbo ya mwewe na bundi yaliyopasuliwa kuona walikula nini. Mwewe mkia-mwekundu, ambaye wakulima walizoea kumwita mwewe wa kuku, alipasuliwa matumbo 562. Yaliyokuwa na kuku au ndege wa kuwindwa yalikuwa 54 tu. Yenye panya wadogo yalikuwa 278. Fisher hakuwatetea wote. Mwewe wa Cooper, mdogo na mwepesi, apitaye chini kati ya miti, alikutwa na kuku au ndege wa kuwindwa katika matumbo 34 kati ya 133. Mwizi hasa alikuwa huyu asiyeonekana, na risasi zikamwangukia yule mkubwa kwa kuwa hukaa juu ya mti mkavu akaonwa na kila mtu.

Je, walikoma? Mwaka 1929 Pennsylvania hiyohiyo iliweka dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini. Wawindaji wakapanda mlimani kila msimu wa vuli wakiwatungua mwewe wa kila aina waliokuwa wakipita kwenda kusini. Ilibidi mwanamke mmoja, Rosalie Edge, akodi mlima wenyewe mwaka 1934 na kuweka mlinzi, ndipo bunduki zikanyamaza.

Turudi uani kwetu. Hapa pia yafaa kumjua mwizi, maana kunguru naye hunyakua vifaranga, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890. Nasikia wapo wanaotega nyama ya sumu juu ya paa. Nyama hiyo haichagui: itamla paka wa jirani, itamla mbwa, na Mungu apishe mbali, inaweza kumfikia mtoto.

Mwewe hapendi kupigana na tetea. Huteremka kwa kasi, hunyakua kwa kucha na kupaa bila kutua. Kwa hiyo anahitaji njia ya kuingia na njia ya kutokea, na ua uliofagiliwa ukawa mweupe kama uwanja wa mpira humpa zote mbili. Kichaka cha michongoma, kibanda kifupi cha makuti, hata meza mbovu iliyoachwa nje, humvurugia. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Wengine hutundika utepe wa kaseti umeremete. Huo husaidia siku chache, kisha mwewe anauzoea.

Bibi zetu walitumia tenga. Tetea na vifaranga wake hufunikwa mchana, jiwe juu, maji na chenga za mahindi ndani, nao hufunguliwa jioni kwa muda, wakati mtu yupo uani anapeta mchele. Wiki sita hadi nane za namna hiyo, na kifaranga huwa amekuwa mzito kwa mwewe kuondoka naye.