Nanga iliyopigwa vanishi

Nanga ile, ala ya muziki ya nyuzi, ilikuwa imepigwa vanishi ya makabati. Niliikuta Ngara, imeegemezwa ukutani, inang'aa kama meza mpya. Ukiisogelea, vanishi imechubuka, vipande vyake vimejikunja kama maganda ya kitunguu, na penginepo imefanya ukungu mweupe kwa unyevu wa masika. Mwenye nyumba alikwishapatana na fundi seremala wa Biharamulo aje aipige msasa yote, kisha aipake upya. Nikamwambia, "Mzee, naomba usubiri kidogo."

Nanga haikuzaliwa na vanishi. Huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja, likafukuliwa kama sinia refu, ncha zake mbili zikatiwa meno, kisha uzi mmoja mrefu ukapitishwa kwenda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi saba au nane. Uzi wenyewe ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Wahangaza, ambao lugha yao ni ndugu ya Kirundi, huiita inanga. Nchi yao, Bugufi, ilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, wa Burundi kabla wakoloni hawajaitenga kwa mpaka. Weusi ule unaong'aa kwenye nanga kuukuu ni jasho la mikono, mafuta na moshi wa nyumba, umejipaka wenyewe kwa miaka.

Hata wageni wa zamani waliisikia nanga. Mwaka 1861 Waingereza John Speke na James Grant walipita Usui, nchi ya Wasubi, wakienda Karagwe, na watu wa mtawala Suwarora wakawatoza hongo nzito kabla ya kuwaachia njia. Walipofika Karagwe, Grant akaugua mguu, akabaki kwa mfalme Rumanika hadi Aprili 1862. Huko ndiko alikosikiliza nanga, na katika kitabu chake akaisifu.

Misafara kama ile ilitokea pwani, na pwani ya wakati ule ilikuwa ikiuza vanishi ya dunia. Utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini miaka mingi ulichimbuliwa nyuma ya Bagamoyo hadi Rufiji. Ukiuosha, uso wake una vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Hiyo ndiyo sandarusi. Ilipitia Unguja kwenda Salem, Marekani, na biashara ikashamiri baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Huko ng'ambo iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, ikapakwa magari ya farasi na samani. Hata baadhi ya mafundi wa fidla waliitumia. Utajiri huo ulitoka kwenye ardhi yetu. Nanga za bara ziliendelea kung'aa bila hata tone lake.

Sauti ya nanga imepata watu wa kuitunza. Hugh Tracey alirekodi wapiga nanga wa Kihaya mwaka 1950, na M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachapisha makala kuhusu manju wao mwaka 1983. Mti wenyewe ndio unaosahaulika, na ukishapigwa msasa haurudi.

Mzee akakubali, nasi tukaanza upande wa chini wa nanga yake, pasipoonekana. Nililowesha kitambaa kwa spiriti kidogo, nikakigusisha. Kikanata. Basi vanishi ilikuwa ya spiriti. Ingekuwa ya mafuta, isingelainika upesi hivyo. Tukaenda kidogo kidogo, eneo la kiganja kimoja kwa wakati, tukibadilisha kitambaa kila kilipochafuka na kuacha mara tu vanishi ilipokwisha, maana spiriti ikizidi hula na weusi wa chini. Kazi ilichukua siku mbili. Karibu na meno ukajitokeza mstari mweusi, laini kama jiwe la mtoni: pale ndipo mkono wa mpigaji ulipokuwa ukilala. Pembeni kulikuwa na ufa ulioshonwa zamani kwa mshipa, tundu kwa tundu, na vanishi ilikuwa imeujaza hadi mshono ukafichika. Mzee akaupapasa kwa kidole.

"Huu aliushona baba," akasema. "Nilikuwa nimemshikia."

Hatukupaka kitu. Fundi wa Biharamulo aliambiwa asije. Uzi ulipokazwa tena, mzee akaiweka nanga magotini, na mkono wake ukaangukia palepale penye ule mstari mweusi.