Igor Tudor: Beki wa Juventus aliyekuwa kocha mkuu, akakubali kuwa msaidizi wa Pirlo

Kwenye soka makocha wasaidizi huwa wanapanda ngazi, wanasubiri bosi atimuliwe ili warithi mikoba. Igor Tudor alifanya kinyume. Agosti 2020 aliacha ukocha mkuu wa Hajduk Split, akaenda Juventus kuwa msaidizi wa Andrea Pirlo, mtu ambaye alikuwa hajawahi kuinoa timu yoyote ya wakubwa hata mechi moja.

Kwa kulinganisha tu, Tudor wakati huo alikuwa ameshafanya kazi kama kocha mkuu katika nchi nne: Croatia, Ugiriki, Uturuki na Italia.

Kijana wa Split

Tudor alizaliwa Aprili 16, 1978 mjini Split, pwani ya Croatia. Alikulia Hajduk, klabu kubwa ya mji huo, na mwaka 1998 akanunuliwa na Juventus. Mwaka huohuo alikuwemo kwenye kikosi cha Croatia kilichoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia kule Ufaransa. Alikuwa na miaka 20 tu.

Jamaa ana urefu wa mita 1.93, lakini hakuwa beki wa kubutua mpira na kuomba Mungu. Marcello Lippi alimtumia hadi kwenye kiungo. Alibeba ubingwa wa Serie A mara mbili, 2002 na 2003, na mashabiki wa Bibi Kizee wa Turin hawajasahau bao lake la dakika za nyongeza dhidi ya Deportivo La Coruña kwenye Ligi ya Mabingwa, Machi 2003. Mechi iliisha 3-2.

Miezi miwili baadaye Juventus ilicheza fainali dhidi ya AC Milan pale Old Trafford. Tudor alianza, akaumia, akatolewa kabla ya mapumziko. Timu yake ikafa kwa matuta. Kwenye kiungo cha Milan siku hiyo alikuwepo Pirlo.

Majeraha ndiyo yaliyommaliza. Alipelekwa Siena kwa mkopo, akarudi Hajduk 2007, na mwaka 2008 akatundika daluga akiwa na miaka 30, umri ambao mabeki wengi wa kati ndiyo kwanza wanakomaa. Timu ya taifa aliichezea mechi 55.

Kazi za zimamoto

Ukocha aliuanza palepale Hajduk, kwenye timu za vijana na kama msaidizi. Akawa pia kwenye benchi la ufundi la Croatia chini ya Igor Štimac. Aprili 2013 akapewa Hajduk jumla, na ndani ya wiki chache akabeba Kombe la Croatia.

Baada ya hapo ni safari tu: PAOK, Karabükspor, Galatasaray, Udinese. Udinese walimwita 2018 timu ikiwa inachungulia shimo la kushuka daraja, akawaokoa, wakaachana. Mwaka 2019 wakamwita tena, akawaokoa tena, halafu Novemba mwaka huohuo kibarua kikaota nyasi baada ya kupigwa 7-1 na Atalanta na 4-0 na Roma ndani ya siku chache.

Ndiyo maana simu ya Juventus haikuwa rahisi kuikataa. Klabu aliyoichezea, yenye mataji tisa ya ligi mfululizo, hata kama cheo ni cha pili.

Mwaka mmoja Turin

Msimu huo wa 2020/21 Juventus ilibeba Kombe la Italia na Super Cup, lakini ligi ikaishia nafasi ya nne. Hata hiyo ya nne ilipatikana siku ya mwisho, baada ya Napoli kubanwa 1-1 nyumbani na Verona. Pirlo akafutwa kazi, Tudor naye akaondoka. Baadaye alisema wazi kwamba kazi ya usaidizi hatairudia.

Kumbe Verona walikuwa na deni jingine kwake. Septemba 2021 walimchukua timu ikiwa imefungwa mechi zote tatu za mwanzo. Kwa mabeki watatu na kukaba mtu kwa mtu uwanja mzima, akawamaliza nafasi ya tisa wakiwa na pointi 53. Oktoba waliifunga Juventus 2-1, mabao yote ya Giovanni Simeone. Binafsi naona huu ndio msimu wake bora kuliko yote.

Marseille wakamtaka 2022. Mashabiki walimzomea hata kabla mechi ya kwanza haijaanza, lakini alimaliza wa tatu Ligue 1, akaitoa PSG kwenye Kombe la Ufaransa, na kwenye ukuta wake alikuwepo Mkongo Chancel Mbemba. Baada ya msimu mmoja akaondoka mwenyewe. Machi 2024 akaenda Lazio, mechi ya kwanza tu akaifunga Juventus 1-0, na Juni akajiuzulu.

Kurudi kwa mlango wa mbele

Machi 2025 Juventus walimfukuza Thiago Motta na kumpa Tudor timu, safari hii kama kocha mkuu. Nafasi ya nne aliipata siku ya mwisho, 3-2 ugenini kwa Venezia. Septemba akaifunga Inter 4-3, siku tatu baadaye akatoka sare ya 4-4 na Dortmund. Raha kwa mtazamaji, presha kwa kocha.

Kisha ushindi ukakata kabisa. Mechi nane bila kushinda, ya mwisho ikiwa Oktoba 26 mjini Roma, dhidi ya Lazio ileile aliyoiacha. Bao pekee lilifungwa na Mcroatia mwenzake, Toma Bašić. Kesho yake Tudor alifutwa kazi.