Kleist wa Kariakoo

Kila nipitapo Mtaa wa Kleist Sykes, zamani Kipata, nasoma jina lenye safari ndefu. Kleist ni ukoo wa makabaila wa Pomerania tangu zama za kati. Walirithishana ardhi, vyeo na hati.

Kleist wetu alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji awe askari wao. Hakuachiwa ardhi wala cheo. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Wanawe Abdulwahid na Ally wakawa waasisi wa TANU mwaka 1954.

Lakini Kleist aliandika habari za maisha yake, na mwaka 1973 mjukuu wake akachapisha wasifu wake. Kwa hiyo nasaba yake tunaijua. Nasaba nyingi za Kariakoo bado zimo vichwani mwa wazee. Tuwaulize, tuandike.