Wafumaji Walioshika Jembe

Huko Glarus, jimbo la milima katika Uswisi, wengi waliishi kwa kufuma nguo. Mashine zilipowapunguzia kazi, umaskini ukawabana. Basi Aprili 1845 watu 193 walifunga safari kwenda Marekani. Agosti wakafika Wisconsin 108 tu. Wengine walikufa, wengine waliachana nao njiani. Ardhi ikagawanywa kwa kura, eka 20 kila mwenye nyumba. Mikono iliyozoea uzi sasa yashika jembe! Sisi tuliolima tangu utoto twajua malengelenge yake. Walipanda ngano hata udongo ukachoka, na wadudu wakaishambulia. Ndipo walipokumbuka ng'ombe wa baba zao milimani, wakafuga, wakatengeneza jibini, wakaiuza mbali na kijiji chao, New Glarus.